Jivu la jiko la mkaa nalo linaunguza nyumba

Simu tunazopigiwa sisi zimamoto kuhusu majiko ya kuchomea nyama nje haziji zote wakati nyama iko motoni. Kuna zinazokuja usiku, wageni washaondoka, wenye nyumba wamelala, mtu anashtuka anakuta pipa la taka linawaka limeegemea ukuta. Ukiuliza unajibiwa "lakini mkaa ulikuwa ushazima". Haukuwa umezima ndugu zangu. Mkaa uliofunikwa na jivu unaweza kukaa na moto ndani masaa 24 na zaidi, sasa ukiumwaga kwenye ndoo ya plastiki au kwenye taka zenye makaratasi unapata hewa unaanza upya.

Kwa hiyo msikadirie kwa macho. Funga mfuniko na matundu ya hewa uache zaidi ya siku nzima mpaka jivu lipoe kabisa, au nyunyiza maji kidogo kidogo ukiwa umesimama pembeni maana ule mvuke unaunguza, koroga, nyunyiza tena mpaka usisikie kabisa ule mlio wa tssss, alafu jivu liende kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko, mbali na nyumba.

Na jiko lisiingizwe ndani eti lipashe chumba joto kwa vile halitoi moshi tena. Hili tunalirudia kila mara na bado watu wanabisha. Makaa yasiyo na moshi bado yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, mtu anapitiwa na usingizi haamki. Kufungua dirisha sio kinga.

Petroli ya kuwashia hapana, hata kidogo, mvuke wake unadaka moto kabla hujasogeza kiberiti. Jiko likae kama mita 3 kutoka kwenye ukuta, paa na nguo zilizoanikwa. La gesi fungua mfuniko kwanza ndo uwashe. Mafuta ya nyama yakishika moto usimwagie maji, yatarukia watu, funga gesi kama unafikia bila kuungua kisha funika. Aliyeungua apozwe kwa maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, dawa ya meno muiache bafuni.

Moto ukiwashinda tokeni mpige simu. Anza na mahali ulipo, kwa sababu simu ikikatika hapo angalau tunajua pa kuja, kisha sema nini kinaungua, kama kuna mtu ndani, kama kuna mtungi wa gesi na uko upande gani, na usikate mpaka uambiwe ukate. Mmoja asimame barabarani aongoze gari, geti liwe wazi, magari yaliyopaki njiani yatolewe. Simu ya uongo ni kosa na unaweza kushtakiwa, ila kuna watu wanachelewa kupiga wakiogopa kwamba wakiuzima wenyewe wataonekana wamedanganya, hapana, hiyo sio simu ya uongo. Mkiuzima kabla hatujafika pigeni tena mseme, kama gari ligeuze au lije kukagua tutaamua sisi.