Doti Haikulengei

Wiki tatu zilizopita jamaa mmoja, mfanyabiashara wa Majengo, alikuja renji, uwanja wetu wa shabaha, na bastola yake ikiwa imebeba doti, kidude kipya cha kioo cha kulengea, juu ya slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na kurudi. Meno yote nje. "Mwalimu," akaniambia, "mimi nimeshamaliza kazi. Hii haikosi."

Hiyo "haikosi" nimeisikia mpaka imenitoka puani. Nikamwambia haya, mita 7, risasi tano, bila haraka. Zote tano zikatua chini kushoto, kwenye pembe ya karatasi ambako hata mduara haufiki. Akageuka kunitazama, na bastola ikaanza kugeuka naye. "Mdomo mbele!" Akarudi upesi. "Doti mbovu hii, Mwalimu. Wamenipiga."

Nikaipokea, nikapiga tano kwa bastola ile ile na doti ile ile. Zikakaa katikati, ungeweza kuzifunika kwa kiganja. Sijisifu, mita 7 si umbali wa kujisifia. Nilitaka tu tukubaliane kwamba kidude hakina ugonjwa.

Kwanza tumalize la leza, maana wengi hudhani doti ni leza, na hilo nalo ni kero. Doti (siyo ya khanga) hairushi mwanga ukatue kifuani kwa mtu kama mnavyoona kwenye filamu. Ndani yake kuna kitaa kidogo cha LED kinachomulika kioo kilichopakwa utando, na kioo kinaurudisha ule mwanga kwenye jicho lako. Kitone unakiona wewe uliyeshika bastola, basi. Kampuni ya Aimpoint ya Sweden iliingiza doti yake ya kwanza sokoni mwaka 1975. Kwenye bastola za kawaida imechelewa sana kuzoeleka. Glock, kwa mfano, walianza kuuza bastola zilizochongwa slaidi tayari kwa kuikalisha mwaka 2015. Leza ni mnyama mwingine na leo simzungumzii.

Faida ipo, tena kubwa. Ukilenga kwa vyuma, vile vilengeo vya kawaida vya bastola, una vitu vitatu vya kupanga: kilengeo cha nyuma, cha mbele, na tageti yenyewe. Jicho haliwezi kuona vyote vitatu vikali kwa wakati mmoja, ndiyo maana tulifundishwa tukaze macho kwenye kilengeo cha mbele na tageti iachwe na ukungu wake. Kwa kijana sawa. Mimi nilipofika miaka 46 kilengeo cha mbele kilianza kuota manyoya. Kwa doti unatazama tageti, macho yote mawili wazi, na kitone kinakuja juu yake. Mzee wa miaka 60 akiniuliza anunue au asinunue, simzungushi: anunue. Ila apite kwanza kwa polisi waliompa kibali awaulize kuhusu kuongeza kitu kwenye silaha yake, kabla hajalipa hela ya mtu.

Sasa tuje kwenye kinachonikera.

Mkono wa binadamu unatingisika. Wa kwako, wangu, wa bingwa yeyote. Ukiwa na vyuma unatingisika vile vile, ila huoni, kwa sababu macho yako yamebanwa kwenye vyuma na vyuma navyo vinacheza pamoja na mkono. Doti inakufungulia pazia. Unainua bastola, unaona kitone kinaruka kama nzi kwenye kikombe cha chai, unashtuka. Halafu unafanya kosa ambalo naliona kila wiki: unasubiri kitone kipite katikati ya duara, na kikipita tu unajiambia "sasa!" na kuvuta triga kwa nguvu ukiiwahi.

Hiyo "sasa" ndiyo inayopeleka risasi chini kushoto. Mtu wa mkono wa kulia akivuta kwa kushtua, vidole vyote vitano vinakunjana pamoja na kifundo kinainama kuusubiri mshindo kabla haujafika. Kitone kilikuwa katikati, ni kweli kabisa, wala hakudanganyi. Kilikuwa katikati kabla hujavuta. Risasi haiendi pale bastola ilipokuwa ikitazama ulipoamua. Inaenda pale ilipokuwa ikitazama ilipotoka.

Na lile tingisiko lenyewe? Hebu fikiri. Kitone kikicheza ndani ya eneo la kiganja kwenye mita 10, na ukavuta triga taratibu bila kukichagulia wakati, risasi itaangukia ndani ya kiganja hicho hicho. Basi! Hakuna cha kusubiri. Kiache kicheze, wewe bonyeza. Nimelieleza hili kwa maneno haya haya mara nyingi, na bado watu wananiitikia "sawa Mwalimu" huku kidole kikiwinda.

Kwa hiyo kwa yule bwana wa Majengo niliacha maneno. Nikachukua magazini yake, kile kisanduku cha risasi, nikampa kisogo, nikachomeka risasi bandia moja katikati ya za kweli. Ya kwanza pa! Ya pili pa! Ya tatu: tik. Hakukuwa na mshindo wowote wa kuisukuma bastola, lakini mdomo wake ulizama, na kitone kikatumbukia chini kushoto kama chura aliyesikia hatua. Alikiona kwa macho yake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema polepole, "Kumbe ni mimi."

Ni wewe, kaka. Ndiyo maana naipenda doti na naichukia kwa wakati mmoja. Ni mmbea anayekusema mbele ya uso wako, na ukikubali kumsikiliza hakuna mwalimu wa kumshinda. Ila watu hawanunui mmbea. Wananunua mganga.

La pili ni kukitafuta kitone. Mgeni anainua bastola, kioo kitupu. Anaanza kuizungusha huku na huku kama mtu anayesaka mtandao juu ya kilima. Kidirisha ni kidogo. Pembe ya kifundo ikikosea kidogo tu, kitone kinajificha. Tiba yake ni mazoezi makavu: bastola tupu, umeikagua mara mbili, risasi ziko chumba kingine, macho kwenye alama ukutani, unaisukuma mbele moja kwa moja. Ukianza kukitafuta kwa macho umeshachelewa. Vyuma havikuwa hivi: vilikuonyesha umepotelea upande gani. Doti ikipotea, imepotea.

Macho pia. Wapo wanaoniambia kitone chao si duara: kina mkia, au ni vitone vingi vimeshikana kama shada la zabibu. Hapa Dodoma mfano huo hauhitaji maelezo. Kabla hujarudisha kidude dukani, piga picha ya kitone kwa simu ukipitisha kamera kwenye kile kioo. Kama kwenye picha ni duara safi, kioo ni kizima. Jicho lako ndilo halina umbo la mviringo sawasawa. Nenda kwa mtaalamu wa macho. Mwingine akipunguza mwanga wa kitone zile zabibu zinapungua, mwingine wapi.

Ukubwa wa kitone hupimwa kwa MOA, kipimo kidogo cha pembe. Moja ni kama sentimita 2.9 kwenye mita 100. Kwa bastola chukua cha 3 au cha 6, tusigombane.

Vumbi nalitolea aya yake, kwa sababu wanaoandika maelekezo ya vidude hivi hawajawahi kusimama Nkuhungu mwezi wa Agosti. Doti nyingi ziko wazi: kile kitaa kimekaa nyuma ya kioo bila kifuniko. Chembe moja ikituama juu yake, kitone kinamegeka au kinapotea. Tone la mvua vile vile. Zipo zilizofunikwa pande zote, na kwa mji huu mimi ningeumia nikanunua hizo, ingawa ni nzito na bei yake inauma. Na tafadhali, usifute kioo kwa pindo la shati. Vumbi letu ni mchanga. Lipeperushe kwanza kwa brashi laini ndipo ufute, la sivyo unakwangua ule utando.

Skrubu zinalegea. Slaidi inakwenda nyuma na kurudi kwa kishindo kila risasi, na kidude kimepanda juu yake. Tumia gundi ya skrubu, kaza kwa kipimo alichoandika mtengenezaji, na usitumie skrubu ndefu za kuokoteza. Kwenye baadhi ya bastola iliyozidi urefu inakwenda kukandamiza mtambo wa kutolea ganda. Baada ya kukaza, chukua rangi ya kucha ya mama watoto, chora mstari mmoja uvuke kichwa cha skrubu na kidude. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka. Yangu ni ya waridi. Wacheke.

Betri mimi nabadilisha kila Nane Nane, iwe imekwisha au haijaisha. Zile zinazojipangia mwanga zenyewe siziamini: ukiwa ndani ya duka lenye giza unatazama nje kwenye jua letu la saa saba, kidude kinapima giza ulilosimama wewe, kitone kinafifia na kumezwa na mwanga wa nje. Na vyuma usivitoe. Weka virefu vinavyoonekana kupitia kile kioo, ili siku kitone kikizima uwe na pa kushika.

Pale nisipokuwa na msimamo ni kwa mwenye duka anayeitaka doti ya kujilinda na mtu aliye mita 3 tu. Umbali huo, kusema kweli, sijaona doti ikimsaidia sana mtu asiyefanya mazoezi, na tena risasi inatua chini ya kitone, kwa sababu mtutu umekaa chini yake. Kuhusu mwanafunzi mpya, aanze na vyuma au aanze na doti, nimeshabadili mawazo mara mbili. Zamani nilikuwa mkali: vyuma kwanza. Siku hizi naona walioanza na doti wanajigundua makosa upesi zaidi, lakini wape bastola ya vyuma uone wanavyoduwaa. Mwaka ujao huenda nikaandika kinyume chake.

Yule bwana nilimpa kazi ya dakika kumi kila usiku, bastola tupu mbele ya ukuta. Juzi kanitumia ujumbe: "Mwalimu, bado kinatingisika."

Nikamjibu: "Na changu."