Ati hajalia, basi si mgonjwa?

Wiki hii nimeisikia mara ya nne na leo nimechoka kunyamaza. "Sista, huyu si depresheni manake hajalia hata siku moja." Yuwala, yuwacheka, msikitini yuwaenda, basi mzima. Kwani nani aliwaambia ugonjwa huu lazima utoke na machozi?

Wanaume wetu hapa Lamu wengi hawalii kabisa. Kuna mvuvi mmoja (nimegeuza mambo kidogo asijulikane) aliletwa na mkewe kwa sababu ya kichwa na kifua, keshapimwa malaria mara tatu hana, keshapewa dawa za alsa, presha iko sawa. Mke asema ni kusi tu, bahari chafu, hana kazi ndo maana amekaa kitako. Sawa, lakini kaskazi imeshaingia, wenzake washarudi baharini, na yeye nyavu ziko pale pale nyuma ya mlango, na lile tundu aliloanza kuliziba kaliwacha nusu na sindano yaning'inia. Barazani jioni bado huenda kwa vile wenzake humpitia, dhumna zikigawanywa hushika zake saba, zamu ikifika kwake mpaka akumbushwe. Huyu ndiye aliyekuwa akipiga kete mpaka meza yaruka! Nikamuuliza usingizi, akasema hulala vizuri tu, ila saa tisa za usiku yuko macho, mpaka adhana ya alfajiri. Neno huzuni hakulitaja. Alisema "mwili mzito".

Hiyo ndiyo depresheni jamani. Tukipima tunaanza na moja kati ya mawili, huzuni AU kupoteza hamu ya vitu ulivyokuwa ukivipenda, na hiyo "au" ndiyo watu hawaisikii. Halafu tunaangalia yaliyobaki, usingizi, chakula, uchovu, akili kukataa kutulia kwenye kitu, kujilaumu, mwili kuwa mzito au mtu kuhangaika asitulie, mawazo ya kifo. Dalili tisa kwa jumla, zikifika tano karibu kila siku kwa wiki mbili mfululizo na maisha yashaanza kuharibika, hapo usiniambie tena ni uchovu wa kazi. Ndo maana mimi siulizi analia? Nauliza AMEACHA NINI. Jaribuni nyumbani, mtanishukuru. Na yule aliyekuwa mpole akageuka mkali, kila kitu kelele, watoto wakimsikia mlangoni wanatawanyika, miraa kuanzia alasiri mpaka usiku wa manane, huyo pia mleteni, kwa wanaume wengi ugonjwa huja na sura ya hasira. Damu na thairoidi (tezi ya shingoni) tutacheki pia, manake upungufu wa damu nao humchosha mtu hivyo hivyo.

Kauli zengine za watu nazipitia mbio mbio. Ati ni majini: mimi sigombani na shekhe wa mtu, kombe (maji yaliyooshewa maandishi ya aya) kunywa, kisomo somewa, lakini dawa usiziwache, na kumfunga mtu kamba au kumpiga si tiba. Ati ni imani ndogo: nina wagonjwa hawakosi swala ya jamaa hata alfajiri. Ati ukimuuliza mtu kama anafikiria kujiua utamtia wazo: humtii, wengi hushusha pumzi kwamba mwishowe kuna mtu ameuliza, na akikujibu ndiyo usimwache peke yake, mlete siku hiyo hiyo. Kuna wanaoficha kwa kuogopa polisi, nao wajue Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa kinakiuka katiba, kwa hivyo njooni.

Na hizi dawa za depresheni, ati ukizianza huziwachi maisha. Si bangi hizi, hazilevyi wala hutaanza kuzisaka mitaani usiku, ila usizikate ghafla kivyako, tutakupunguzia polepole. Kazi yake ni ya taratibu, wiki mbili, nne, wengine hata sita, na ukishapata nafuu waendelea nazo miezi sita au zaidi ili isirudi. Juzi mmoja kanirudishia pakiti, kanitupia mezani, hazifanyi kazi Sista. Nikahesabu. Alikuwa amemeza vidonge vitatu.