Kiwango gani cha kubana data kwenye bakapu iliyosimbwa?

Faili iliyokwisha kusimbwa kwa njia fiche haibaniki. Programu ya kubana huishi kwa kutafuta marudio ndani ya data, na usimbaji ulio imara huyafuta marudio yote. Pitisha gigabaiti 10 zilizosimbwa kwa AES (mbinu ya kusimba) kwenye zstd, programu ya kubana, kwa kiwango cha 19 (namba kubwa hubana zaidi, ila polepole): utapata gigabaiti 10 zilezile, na prosesa itakuwa imefanya kazi bure. Kwa hiyo data hubanwa kwanza, ndipo isimbwe.

Borg na restic, programu za bakapu zinazosimba data, hufuata mpangilio huo zenyewe. Anayeunganisha zana kwa mkono ndiye anayepaswa kuwa makini, kwa mfano hivi:

`tar -cf - Nyaraka | zstd -6 -T0 | gpg -c --compress-algo none -o nyaraka.tar.zst.gpg`

Chaguo la `--compress-algo none` si pambo. GnuPG, programu ya kusimba inayoitwa kwa `gpg`, ina tabia ya kubana yenyewe kabla ya kusimba, hivyo usipoizuia itajaribu kubana tena kilichokwisha kubanwa, na mwendo wa kazi nzima utashuka. Nayo `-T0` inaiambia zstd itumie viini vyote vya prosesa.

Jambo linalofanana na hili ni kontena la VeraCrypt, yaani faili moja iliyosimbwa yenye faili nyingine ndani. Ukilihifadhi kama faili moja, hakuna kitakachobanwa. Lifungue kwanza, uhifadhi faili zilizomo, na uiachie programu ya bakapu kazi ya kusimba. Diski yenye LUKS (usimbaji wa diski kwenye Linux) haina tatizo hilo: ikishafunguliwa, programu huziona faili za kawaida.

Sasa kiwango chenyewe. Wengi huuliza kipi kinabana zaidi, lakini swali la maana ni hili: bakapu yako inacheleweshwa na nini? Tuchukue mtandao unaopakia megabiti 10 kwa sekunde, yaani megabaiti 1.25. Gigabaiti 100 zitachukua sekunde 80,000, zaidi kidogo ya saa 22. Zikibanwa zikawa gigabaiti 70, kazi inashuka hadi kama saa 15 na nusu. Kila gigabaiti 4 utakazopunguza tena zitaokoa karibu dakika 53. Hapo prosesa inausubiri mtandao, hivyo ipe kazi zaidi: zstd ya kiwango cha 9 au 12 ina faida, na hata 19, ingawa hupitisha megabaiti chache tu kwa sekunde katika kila kiini, huenda ikaendana na mtandao wa namna hiyo.

Diski ya SSD iliyochomekwa kwenye kompyuta ni habari nyingine kabisa. Ukiweka 19 hapo, diski itakaa ikisubiri prosesa. Tumia lz4, mbinu nyepesi ya kubana kwa kasi, au zstd kati ya 1 na 3. Kwenye mtandao wa ndani wa gigabiti 1, ambao haupitishi zaidi ya megabaiti 125 kwa sekunde, mimi huanzia zstd 3 na kupanda tu pale ninapoona viini vimelegea.

lzma, mbinu nyingine ya kubana, siipendekezi kwa bakapu za kila siku. Inabana vizuri, ila kufumua nako ni kwa polepole, na siku ya kurejesha data ndiyo siku ambayo mtu hana muda. zstd hufumua kwa kasi inayokaribiana katika viwango vyake vyote; unalipa gharama wakati wa kubana peke yake.

Picha za JPEG, video za MP4, muziki wa MP3 na hata faili za docx na xlsx tayari zimebanwa. Kwenye Borg andika `--compression auto,zstd,6`: Borg hugawa data vipande vipande, na neno `auto` hukifanya kila kipande kijaribiwe kwanza kwa lz4, na kisichobanika hakipotezewi muda. restic nayo ina `auto`, `off` na `max`. Kama sehemu kubwa ya data yako ni video, `max` haitakusaidia kitu.

Kosa linalogharimu nafasi nyingi kuliko kiwango kibaya ni kubana kabla ya kuikabidhi data kwa programu inayoondoa marudio, yaani isiyohifadhi tena kipande ambacho tayari inacho, kama Borg na restic. Ukihifadhi hifadhidata kila usiku kama faili ya gzip, badiliko dogo karibu na mwanzo linaweza kugeuza baiti zote zinazofuata. Programu haitavitambua vipande vya jana, na kila usiku itapakia faili nzima upya. Ipe data isiyobanwa. Wanaotumia hifadhidata ya PostgreSQL wakumbuke kwamba `pg_dump -Fc`, amri ya kutoa nakala yake, hubana bila kuulizwa. Ongeza `-Z 0`.

Ukibadilisha kiwango katikati ya safari, usishangae ukubwa usiposhuka. Vipande vilivyokwisha kuhifadhiwa havibanwi upya. Mpangilio mpya unahusu vipande vipya tu. Kwenye restic kuna mtego mwingine: ubanaji ulikuja na toleo la 0.14 mwaka 2022, pamoja na muundo wa pili wa hazina (mahali restic inapoweka data). Hazina iliyoanzishwa kabla ya hapo haibani hata ukiweka `max`. Endesha `restic migrate upgrade_repo_v2`, kisha `restic prune --repack-uncompressed`. Amri hii ya pili hushusha data na kuipakia tena, kwa hiyo usiianze kwenye mtandao wa kulipia kwa kipimo.

Na siri je? Kubana huacha fununu moja: ukubwa wa kipande hutegemea kilichomo. Shambulio la CRIME la mwaka 2012 lilitumia fununu hiyo dhidi ya HTTPS, ila mshambuliaji alihitaji kuchomeka maneno yake kando ya siri na kupima ukubwa mara nyingi. Bakapu ya nyaraka zako binafsi haimpi nafasi hiyo kwa urahisi. Lakini kama huna imani na seva unayohifadhia, na watu wengine huweza kuingiza data kwenye unachohifadhi, Borg inakubali `obfuscate,110,auto,zstd,6`, inayoongeza hadi kilobaiti 1 ya ukubwa wa kubahatisha kwa kila kipande. Nafasi kidogo itapotea, na katika hali hiyo inafaa ipotee.

Kabla ya kuamua, pima kwa data yako mwenyewe. `borg create --stats` huonyesha ukubwa wa awali, uliobanwa, na uliobaki baada ya kuondoa marudio. `restic stats --mode raw-data` hutoa uwiano wa ubanaji. Kwa faili ya gpg tuliyoanza nayo, jaribu `gpg -d nyaraka.tar.zst.gpg | zstd -t`. Kama ulibana kwa `--long=31`, inayoifanya zstd itafute marudio yaliyo mbali zaidi, chaguo hilohilo litahitajika wakati wa kufumua, na mashine itakayorejesha iwe na gigabaiti 2 za RAM za kutenga kwa kazi hiyo. Kwa kompyuta ndogo, `--long=27` hutosheka na megabaiti 128 na hufumuliwa bila chaguo la ziada.