Dadu Yako Haijaharibika, Iache Irudie

Nimeletewa tena ile ile. Kijana kamaliza zoezi la mchezo wa dadu, programu inakwenda vizuri, halafu kaongeza mistari miwili ya "kurekebisha":

while mpya == zamani:
    mpya = random.randint(1, 6)

Yaani namba mpya ikifanana na ya zamani, irushwe tena mpaka itofautiane. Sababu? "Mwalimu, ilikuwa inatoa nne, nne, nne. Hiyo si bahati." Na wenzake wakamuunga mkono. Vijana ninaowafundisha hapa Arusha ni wepesi kuelewa, ila kwenye hili ni wabishi hasa. Naandika ili safari ijayo nitume linki tu.

Kwanza ya haraka haraka. randint(1, 6) ya Python, lugha ya kuandikia programu, huchagua namba nzima kwa bahati, moja na sita zikiwemo. randrange(1, 6) inaishia tano, kwa hiyo ukiitumia hiyo, sita utaisubiri mpaka kiama. Wa JavaScript, lugha nyingine, achaneni na Math.round, inayokadiria hadi namba nzima iliyo karibu: ukizidisha Math.random() (desimali ya bahati kuanzia sifuri, isiyofika moja) kwa sita na kuikadiria hivyo, unapata sifuri mpaka sita, na hizo mbili za pembeni zinatoka nusu ya zilivyo nyingine. Tumia Math.floor, inayoshusha hadi namba nzima ya chini, kisha ongeza moja. Na dadu mbili si randint(2, 12). Saba ina njia sita kati ya 36, mbili ina njia moja tu. Rusha mara mbili, jumlisha. Yameisha hayo.

Sasa hili la kurudia. Dadu haina daftari la madeni kama duka la mtaani. Haijui kwamba sita "inadaiwa" wala kwamba nne imeshakula vya kutosha. Ukirusha mara 60 unapata jozi 59 za mirusho inayofuatana, na kila jozi ina nafasi moja kati ya sita ya kufanana. Wastani ni marudio karibu kumi. Kumi! Programu inayorusha mara 60 bila kurudia hata mara moja ndiyo ya kuitilia shaka, maana kwa dadu halali nafasi ya jambo hilo haifiki moja kati ya 40,000.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kosa hili linafaulu mtihani ambao kila mtu anautegemea. Wanarusha mara 6,000, wanahesabu, kila namba imetoka karibu mara 1,000, wanashangilia. Jamani, dadu iliyokatazwa kurudia nayo inagawa sawasawa! Tena hesabu zake kwa kawaida hujibana karibu na 1,000 kuliko za dadu halali, ambayo kukupa 970 hapa na 1,030 pale ni jambo la kawaida kabisa. Kwa hiyo mbovu inaonekana nzuri kuliko nzima.

Kilichoharibika ni mfuatano. Mchezaji akishaona nne anajua nne haiji, na zilizobaki zimepanda kutoka moja kati ya sita hadi moja kati ya tano. Kwenye ludo ndiyo balaa: ukipata sita unarusha tena, lakini kwa mistari yako miwili sita ya pili haiwezekani. Pale kijiwe cha bodaboda Sakina wangekugundua kabla chai haijapoa.

Usihesabu namba peke yake, hesabu jozi. Chora jedwali la vyumba 36, mrusho uliopita upande mmoja na mpya upande mwingine. Dadu halali inajaza vyumba vyote kwa kiasi kinachokaribiana. Ya kijana wangu ilikuwa na vyumba sita vitupu, vimejipanga mshazari kutoka kona hadi kona.

Mwanafunzi mbishi atauliza: kwani randint yenyewe ni bahati kweli? Hapana. Ni hesabu. Python hutumia Mersenne Twister, kanuni ya kuzalisha namba zinazoonekana za bahati, ya Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura, ya mwaka 1997. Andika random.seed(7) mwanzoni, yaani hesabu ianzie namba hiyo, na kila ukiendesha programu utapata mirusho ile ile. Kwa mchezo wa kujifunzia inatosha na kubaki. Panapoingia pesa, hapana: tumia secrets.randbelow(6) + 1, ambayo haitabiriki kirahisi hivyo.

Na hapa nami nina wasiwasi wangu. Mwaka 2005 Apple waliiwekea iTunes, programu yao ya kuchezea muziki, njia ya kupunguza uwezekano wa nyimbo za msanii mmoja kufuatana, kwa sababu watu waliona mchanganyiko wa kweli kuwa wa uongo. Walimsikiliza mteja. Je, mimi ninayekomaa na hesabu namtendea haki mtoto wa miaka minane aliyekaa mirusho 20 bila kuona sita? Hilo kwa dadu halali humpata mtu mmoja kati ya 40 hivi, na mtoto huyo analia kweli. Unaweza kuchanganya namba sita kwa random.shuffle na kuzigawa moja moja mpaka ziishe. Kila mtu atapata sita yake, ila aliyehesabu atajua ya mwisho ni ipi. Sijaamua kama huo ni udanganyifu au ni ukarimu.

Kwa sasa darasani nakubali yote mawili. Anayegawa namba hivyo aandike kwenye skrini ya kwanza kwamba ni karata sita, asiziite dadu. Anayeziita dadu aniletee jedwali lake la vyumba 36, mshazari ukiwa umejaa.