Pangramu haitokani na kupanga

Ofisini kwetu hapa Moshi, chai ya saa nne hunywewa simu zikiwa mkononi. Spelling Bee, ule mchezo wa herufi wa The New York Times, hubadilishwa saa tisa usiku kwa saa za kwao, na kwetu inakuwa saa nne kamili (saa tano wakisharudisha saa nyuma kwa ajili ya baridi yao). Tukimaliza wa Kiingereza tunachora wa Kiswahili nyuma ya karatasi yoyote iliyo karibu. Hapo ndipo makelele yanapoanza: "Pangramu! Nimepata pangramu!" Wiki hii nimelisikia mara tano, na mara zote tano haikuwa pangramu.

Maana yenyewe ni fupi. Unapewa herufi saba, moja ikiwa katikati. Unaunda maneno ya herufi nne au zaidi, kila neno liwe na ile ya katikati, na kurudia herufi ruksa. Neno lililotumia zote saba ndilo pangramu. Basi.

Chanzo cha kosa nimekigundua juzi tu. Watu wanaamini neno hili limetoka kwenye kupanga: unapanga herufi, unapata pangramu. Inaingia akilini vizuri mno, na ndiyo maana haitoki. Lakini neno ni la Kigiriki. Pan ni "yote", ileile ya Mkutano wa Pan-Afrika uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1974, na hakuna aliyedhani kule walikwenda kuipanga Afrika (ingawa, kwa namna fulani…). Gramma ni herufi, kitu kilichoandikwa. Ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye telegramu, maandishi ya mbali, na hata gramu ya mizani imetokea hukohuko.

Kwa hiyo pangramu ni "herufi zote". Kabla ya michezo ya simu, jina hili lilikuwa la sentensi iliyobeba alfabeti nzima. Yetu ina herufi 24, ch ikihesabiwa moja, na mimi nimejitungia hii: Jana chifu wa Moshi alipanda gari hilo akabeba mayai na ndizi sita mbivu. Wachaga wataniuliza kwa nini si Mangi. Nilihitaji ch na f, samahani.

Anayestahili kupanga ni jirani yake, anagramu. Huko ndiko unakolipangua neno na kulipanga upya, bila kuongeza wala kupunguza hata herufi moja. Anagramu ni uhusiano wa neno na neno; huwezi kuwa anagramu peke yako, kama usivyoweza kuwa pacha peke yako. Pangramu ni uhusiano wa neno na zile herufi saba ulizopewa.

Jana tulikuwa na A, B, I, K, N, U, na R katikati. Karibuni ni pangramu: pointi 8 za herufi zake, na 7 za zawadi. Kaburini nayo ni pangramu. Halafu, hebu hesabu, hayo mawili ni anagramu, herufi kwa herufi. (Ukikaribishwa mahali, usilifikirie hili.) Kubarikiana pia ni pangramu ya herufi hizohizo, ila si anagramu ya karibuni, maana ina herufi 11. Anagramu yake ni kukaribiana. Nilikaa na hilo mpaka chai ikapoa.

Sasa turudi kwa dogo wa dawati la pili, aliyeruka kwenye kiti jana kwa sababu ndani ya karibu ameona kaburi. Dogo, jicho unalo, na sikusema kitu mbele za watu. Lakini kaburi ina herufi sita tu. Ni anagramu ya karibu, pointi 6, hongera. N yako ilibaki juu ya karatasi, haijaguswa. Ungeweka -ni mwishoni, kwenye lolote kati ya hayo mawili, ungeruka kwa haki.