Anatimiza 18 anaambiwa ajitegemee, halafu tunashangaa akikamatwa

Mimi ni mwanasaikolojia, nafanya kazi na vijana waliokulia chini ya ulinzi wa serikali huku Marekani, yaani wale waliotolewa kwao wakapelekwa kwa familia nyingine za kuwalea au kwenye makao ya watoto. Swali naloulizwa kila mara ni mbona wengi wanaishia mikononi mwa polisi, na anayeuliza mara nyingi jibu analo tayari, kwamba vichwa vyao vimeshaharibika. Hapana jamani.

Mzigo wanao, hilo sibishi. Utafiti wa shirika la Casey Family Programs, linaloshughulikia watoto wa hivi, wa mwaka 2005 uliwahoji watu wazima waliolelewa hivyo kwenye majimbo ya Washington na Oregon, karibu robo yao walikuwa na PTSD, yale madhara ya kiwewe yanayoganda akilini, wakati kwa watu wengine ilikuwa kama asilimia 4 tu. Hata askari waliotoka vitani walizidiwa. Sasa fikiria kijana wa hivyo, halali vizuri, kila saa yuko macho kama kuna hatari, mtu akimshika bega kwa nyuma anarusha ngumi kabla hajajua amefanya nini. Mimi naona kiwewe, mahakama inaona shambulio.

Halafu kuna hili la makao, linaniuma sana. Kijana akivunja mlango kwa hasira nyumbani kwao mama atamgombeza yaishe, ila akiuvunja kwenye makao mfanyakazi wa zamu anapiga simu polisi, na hapo rekodi imeshafunguka. Utafiti wa Los Angeles wa 2008 ulikuta vijana waliopitia makao ya pamoja walikuwa na hatari ya kukamatwa kama mara mbili na nusu ya wenzao waliokaa kwa familia. Ugonjwa peke yake hauelezi tofauti hiyo.

Inakuja birthday ya 18. Sehemu nyingine wanaongezewa muda, lakini anayetoka siku hiyo anapoteza vitu vingi kwa mpigo: pa kulala, afisa wa ustawi wa jamii aliyekuwa anamkumbusha kliniki, na mtaalamu aliyemzoea, maana yule alikuwa wa watoto na sasa huyu anahesabika mtu mzima. Bima ya Medicaid, ile ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, anayo mpaka miaka 26, tangu 2014, lakini kadi haikutafutii daktari wala haikupeleki. Dawa zinaisha, usingizi unapotea, anaanza kuvuta au kunywa ili atulie, kodi inamshinda. Utafiti mmoja mkubwa uliowafuatilia vijana wa hivi kwenye majimbo ya Illinois, Wisconsin na Iowa ulikadiria kwamba kati ya asilimia 31 na 46 walikuwa wameshakosa makazi angalau mara moja kufikia miaka 26. Mtu asiye na pa kulala anaiba chakula, analala kwenye jengo la watu, anakamatwa, na hiyo nayo inaandikwa uhalifu.

Sheria ya mwaka 2008 inaruhusu majimbo kuwalea mpaka 21, inaruhusu tu, hailazimishi. Na inasaidia, kwenye utafiti uleule wa Illinois, Wisconsin na Iowa waliobaki kwenye malezi hawakukamatwa sana kama waliotoka, ingawa faida hiyo ilipungua kadiri miaka ilivyokwenda. Kwangu hii inamaanisha paa linasaidia sana ila halitoshi, kile kiwewe kinahitaji tiba isiyokatika.

Kwa hiyo kama wewe ni mlezi, au wakili, au afisa mwenye kijana wa miaka 17, usingoje wiki ya mwisho. Mtafutie kliniki ya watu wazima mapema, aende mara mbili tatu akiwa bado na mtaalamu wake wa sasa ili asije kuanza kuhadithia maisha yake upya kwa mgeni, atoke na dawa za kutosha mpaka miadi ijayo, nakala ya faili lake la matibabu awe nayo mwenyewe, na awe na mtu mzima mmoja aliyekubali kwa mdomo wake kupigiwa simu hata saa nane usiku.