Hitilafu ya memori katika laibrari asilia: maana yake kwa mtu wa programu za wavuti

Unafungua logi ya seva asubuhi na kukuta mstari mmoja tu: mchakato fulani umekufa kwa ishara namba 11, mwingine umewashwa mahali pake. Hakuna jina la faili, hakuna namba ya mstari, hakuna ule mlolongo wa makosa ambao Python au PHP hukumwagia hata usipouomba. Mtumiaji aliyekuwa anapakia picha yake saa hiyo ameona 502, akabonyeza tena, ikakubali, akaendelea na shughuli zake. Kilichotokea hapo ni hitilafu ya memori. Kwa mtu aliyezoea programu za wavuti peke yake ni kosa la ajabu, maana lugha anayoitumia ilishamwahidi kwamba mambo ya namna hiyo hayatamfika.

Ahadi yenyewe ni ya kweli, ila ina mpaka. Python, PHP, Ruby, JavaScript na Java hazikupi nafasi ya kushika memori kwa mkono wako. Ukidai kipengele cha 10 katika orodha yenye vitano, unarudishiwa kosa lenye jina na mstari, au jibu tupu, kutegemea lugha. Laibrari asilia ni ile iliyoandikwa kwa C au C++ na kukompailiwa kuwa maagizo ya prosesa yenyewe, kisha programu yako ikaipakia na kuiita. Hata kama hujaandika C maishani, unazo nyingi: inayopunguza picha, inayobana faili, inayosimba mawasiliano, inayochambua XML, dereva wa hifadhidata. Huko ndani hakuna mlinzi wa mipaka. C ukiiambia andika hapa, inaandika hapo hapo, pawe pako au pa jirani.

Kwa hiyo hitilafu ya memori ni pale programu inaposoma au kuandika mahali ambapo, kwa wakati ule, haina haki napo. Yale maneno "kwa wakati ule" msiyaruke. Eneo lile lile linaweza kuwa halali saa moja na kuwa haramu dakika inayofuata, kwa sababu tu limeachiliwa na kupewa mwingine. Ndiyo maana kuna kupita mpaka wa bafa (kipande cha memori kilichotengwa kushika data), kuna kutumia kilichokwisha kuachiliwa, kuna kuachilia kitu kimoja mara mbili, na kuna kusoma mahali ambapo hapajawahi kujazwa. Kuvuja kwa memori nako huhesabiwa katika ukoo huu, lakini ni ugonjwa mwingine: haui ghafla, unanenepesha mchakato polepole hadi mfumo unauondoa kwa nguvu. Hapa nauweka pembeni.

Kinachofanya hitilafu hizi ziwe kali kwenye wavuti ni kwamba laibrari haikai chumba cha pili. Imo ndani ya mchakato ule ule, inatumia hipu ile ile (eneo la memori linalogawiwa programu ikiwa kazini) ambamo kuna vitambulisho vya watumiaji, majibu yanayosubiri kutumwa na vipande vya maombi yaliyopita. Kikulacho ki nguoni mwako. Mfumo wa uendeshaji haukusaidii sana hapo, kwa sababu wenyewe hulinda memori kwa kurasa nzima nzima, kwa kawaida za baiti 4,096. Ukigusa ukurasa ambao mchakato wako haukupewa, unapigwa ishara 11, ile SIGSEGV, na unakufa. Ukivuka mpaka kwa baiti moja ukabaki ndani ya ukurasa wako mwenyewe, hakuna anayekuuliza.

Watu wengi hudhani kufa kwa mchakato ndilo kosa. Kufa ni bahati. Februari 2017 Tavis Ormandy wa Google Project Zero, timu inayosaka dosari za usalama, aliona kurasa za tovuti zilizopita kwa Cloudflare, kampuni inayokaa kati ya tovuti na wasomaji wake, zikiwa na takataka ndani yake, na takataka hizo zilikuwa vipande vya memori ya maombi ya watu wengine, vidakuzi vya kuingilia vikiwemo. Injini za utafutaji zilikuwa zimeshavihifadhi baadhi yake. Chanzo kilikuwa kichambuzi cha HTML, moduli ya C ndani ya programu ya seva NGINX. Msimbo wake uliangalia kama pointa (namba inayoshika anwani ya mahali kwenye memori) iko sawasawa na mwisho wa bafa, badala ya kuangalia kama iko sawa au imeshapita. Pointa iliporuka mwisho kwa hatua moja, usawa haukutokea tena, na usomaji ukaendelea. Seva hazikuanguka. Na lililonivutia mimi zaidi: dosari hiyo ilikuwemo kwa miaka bila kudhuru, mpaka walipoingiza kichambuzi kipya pembeni yake, kikabadilisha namna bafa zinavyopangwa. Aliyeiamsha hakuwa aliyeizaa.

Huo ndio moyo wa dhana hii. Mahali pa kufia na mahali pa kuumia ni pawili tofauti, na kati yao panaweza kupita maelfu ya maombi.

Nitaeleza moja niliyoishi nayo, maana bila kuiona kwa karibu maneno haya yanabaki hewani. Tulikuwa na huduma ya Python inayopokea picha na kuzipunguza. Kati ya Python na laibrari ya picha palikuwa na kipande chetu wenyewe cha C, mistari mia mbili hivi. Michakato ikawa inakufa mara mbili au tatu kwa siku, na kila tulipopata mabaki ya memori ya mchakato uliokufa (core dump), yalionyesha imefia ndani ya msimbo wa JSON, ikiachilia bafa ya jibu. Tukailaumu JSON. Tukabadilisha toleo, vifo vikakoma wiki mbili, tukapongezana. Vikarudi.

Kosa lilikuwa kwenye kusoma jina la wasifu wa rangi ulio ndani ya picha. Msimbo wetu ulipima urefu wa jina, ukaomba kwa malloc, kazi ya C ya kuomba memori, baiti hizo hizo, kisha ukanakili. Katika C maandishi hufungwa kwa baiti ya sifuri mwishoni, na sifuri hiyo hatukuihesabu. Jina la herufi 24 linaandika baiti 25.

Sasa angalia linavyojificha. Kwenye Linux ya biti 64, malloc ya glibc, laibrari ya msingi ya C, haikati memori kwa kipimo ulichotaja. Ukiomba baiti 20 unapewa eneo la 24. Ukiomba 24 unapewa 24. Ukiomba 25 unapewa 40. Jina la herufi 20 likizidisha sifuri moja, inaangukia kwenye nafasi ya ziada, hakuna jeraha. Jina la herufi 30, vivyo hivyo. Ni zile urefu wa 24, 40, 56 na kuendelea kwa hatua ya 16 tu ndizo ambazo sifuri inatoka nje. Na inapotoka, inatua wapi? Juu ya baiti ya kwanza ya namba ambayo malloc imejiandikia ukubwa wa eneo linalofuata. Katika namba hiyo kuna biti moja inayosema kama jirani wa nyuma yuko kazini au ameachiliwa. Sifuri yetu inaifuta biti hiyo. Hakuna kinachotokea bado. Eneo hilo linalofuata, kwetu sisi, mara nyingi lilikuwa bafa ya JSON. Inafanya kazi yake vizuri, inajaza jibu, inatuma. Inapofika kuachiliwa, free, kazi ya kuachilia memori, inaamini kwamba wa nyuma yake ameondoka, inataka kuwaunganisha, inasoma ukubwa wa aliyeondoka, na mahali inapousoma pana herufi nane za mwisho za jina la wasifu wa rangi. Inazichukua kama namba, inahesabu anwani isiyokuwepo duniani, na inauawa hapo. Shahidi pekee aliyekutwa na damu mikononi ni JSON.

Zile wiki mbili za utulivu nazo zinaelezeka. Toleo jipya lilibadilisha ukubwa wa bafa zake, mpangilio wa hipu ukahama, na sifuri yetu ikawa inatua mahali pengine pasipouma.

Upo uchafu mwingine unaotokea mpakani bila hata mstari wa C wa kwako. Katika Python, ctypes (moduli ya kuita laibrari za C) ikiita kazi ya C ambayo hukuitajia aina ya jibu, hudhani jibu ni namba nzima ya baiti 4. Pointa kwenye mashine ya biti 64 ni baiti 8. Laibrari inakurudishia 0x7f3a5c0012a0, wewe unapokea 0x5c0012a0, unairudisha kwenye wito unaofuata, na laibrari inaenda kugonga mlango wa nyumba ambayo haipo. Tiba ni kuweka `restype` iwe `c_void_p`, na `argtypes` ya kazi inayoipokea pointa vivyo hivyo, kabla ya wito wa kwanza. Kinachoudhi ni kwamba hipu ikiangukia kwenye anwani za chini, pointa inapita nzima, na unapata yule mwenzako wa "kwangu inafanya kazi" akiwa anasema kweli tupu.

Linalofanana nalo ni suala la mwenye mali. Unaipa laibrari pointa ya maandishi ya Python, yenyewe inaitunza ili iitumie baadaye. Python haijui hilo. Wito ukiisha na hakuna anayeyashikilia maandishi yale, inayafuta. Kazi unazoipa laibrari ili ikuite kwazo baadaye zina ugonjwa huo huo: usipoziweka kwenye kigeu kinachoishi, zinakusanywa na mzoa taka, na laibrari inaruka kwenda kwenye msimbo uliokwisha zikwa.

Unafuatiliaje? Kwanza upate maiti. Weka `ulimit -c unlimited` ili mchakato ukifa uache faili lenye memori yake, usakinishe alama za kudibagia za laibrari, ulifungue kwa gdb, kifaa cha kudibagia. Kwa Python washa pia `faulthandler`, iliyoingia katika toleo la 3.3, itakuonyesha mstari wa Python uliokuwa ukiendeshwa. Vyote viwili vinakuambia imefia wapi. Kumbuka JSON yetu, usikimbilie kuhukumu.

Kinachotafuta mahali pa kuumia ni AddressSanitizer, iliyotoka kwa wahandisi wa Google na sasa imo ndani ya GCC na Clang. Unakompaili laibrari kwa `-fsanitize=address`. Kila baiti 8 za memori inazitunzia baiti 1 ya kivuli inayosema zipi kati yake ni halali, inazungushia kila eneo uzio usioruhusiwa kuguswa, na maeneo yaliyoachiliwa haiyagawi upya haraka bali inayaweka karantini. Kila usomaji na uandishi unakaguliwa kabla haujatokea. Programu inakuwa nzito, takriban mara mbili, jambo linalovumilika. Valgrind, kikaguzi kingine cha memori, haitaki ukompaili upya, lakini hupunguza mwendo mara 20 au 30, na hapo mtu wa wavuti anapata kichekesho: gunicorn, seva ya programu za Python, kwa kawaida humwua mfanyakazi asiyejibu ndani ya sekunde 30, hivyo unakaa ukichunguza kifo ulichokisababisha mwenyewe. Ongeza muda huo kwanza, na uendeshe mfanyakazi mmoja tu.

Mambo mawili ya Python hupotezea watu siku nzima. Python yenyewe haikukompailiwa na kikaguzi cha AddressSanitizer, kwa hiyo lazima uipakie laibrari yake mapema kwa `LD_PRELOAD`. Na vitu vya baiti 512 kushuka chini Python huvigawa kutoka kwenye ghala lake, bila kumwuliza malloc kila mara, kwa hiyo kikaguzi hakioni mipaka kati yao. Weka `PYTHONMALLOC=malloc`. Zima na ripoti za kuvuja kwa `ASAN_OPTIONS=detect_leaks=0`, la sivyo utazama kwenye vitu ambavyo Python huviacha kwa makusudi inapofunga.

Kuna dawa nyingine inayopendwa mno, nayo ni kuweka kikomo ili kila mfanyakazi ajiue baada ya maombi kadhaa. Kwa kuvuja inafaa, nami nimeitumia bila aibu. Kwa memori inayoandikwa nje ya mpaka ni kuzima king'ora: hujui kilichoandikwa juu ya nini kabla ya zamu kuisha, na huenda kilikuwa jibu la mtu mwingine.

Sisi tulipoendesha huduma yetu chini ya AddressSanitizer, hatukuhitaji hata kusubiri jina la herufi 24. Kivuli chake kinajua eneo lililoombwa liliishia baiti ya ngapi, haijali ukarimu wa malloc. Picha ya kwanza yenye wasifu wa rangi, wa urefu wowote, iliuangusha mchakato papo hapo. Ripoti ikaja na sehemu mbili: mlolongo wa wito uliokuwa ukiandika, na mlolongo wa wito ulioomba eneo lile, pamoja na maelezo kwamba uandishi umetua baiti 0 baada ya mwisho wake. Laibrari ya picha haikutajwa kama mkosaji, JSON haikuonekana popote. Milolongo yote miwili iliishia kwenye faili letu la mistari mia mbili, na marekebisho yakawa kuongeza 1.